Gitaa la Katikati

Usiniambie habari za mashine za bei. Nimechoka na watu wanaoingia dukani, wanaona kitu kinang'aa, basi wanasema hiki kitaimba. Kitaimba nini? Sufuria mpya nayo inang'aa. Kampala ya mwaka sabini na tano ilijaa watu wa namna hiyo. Jana mtu ni koplo, leo amekabidhiwa duka la Mhindi aliyefukuzwa, na mali ikiisha rafuni hajui hata ilikuwa inatoka wapi. Tuliwaita mafutamingi, kwa sauti ya chini bila shaka. Nyumbani kwao kulikuwa na spika zinazokufika kifuani, na hawakusikia kitu. Walikuwa na kila kitu, na hawakusikia kitu.

Nina hasira, ndiyo. Nani alisema hasira ya mjane ina mwisho? Lakini wakati ninaokueleza nilikuwa sijawa mjane. Au nilikuwa, ila hakuna aliyeniambia. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mume wangu aliitwa Kakule. Sisi ni Wanande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na Kakule ni jina la mtoto wa nne wa kiume. Pale Kamwokya tulipopanga, Wakongomani tulijaa, ukiita "Kakule!" sokoni wanageuka watu watatu. Ila aliyepiga gitaa la katikati alikuwa mmoja. Labda hujui gitaa la katikati ni nini. Watu wengi hawajui, na hilo pia linaniudhi. Bendi ya Kikongo ina gitaa la juu, lile linalolia peke yake mpaka walevi wanarusha noti. Ina gitaa la kushika mwendo, la kukatakata. Kati ya hayo mawili kuna la tatu, linalozungumza na huyu na yule ili wasigombane. Hakuna anayelishangilia. Siku likikosekana ndipo watu wanasema leo muziki umepwaya, na hawajui kwa nini.

Kakule alichukuliwa Jumamosi, saa tisa ya mchana, kwenye baa moja ya Nakawa, wakati wanajaribu vyombo. Gari la kijani lisilo na namba. Wanaume wawili wa miwani ya giza. "Dakika mbili tu," walimwambia. Wakamfungia kwenye buti la gari kama mfuko wa maharagwe. Gitaa lake lilibaki limeegemea amplifaya, waya umechomekwa, linanguruma, mpaka mwenye baa alipopata nguvu ya kuuchomoa. Kosa lake lilikuwa nini? Ebo! Walihitaji kosa? Wengine walisema alionekana akizungumza Kifaransa na mgeni. Wengine walisema msichana wa mkubwa fulani alimchekea. Mimi najua tu kwamba asubuhi aliniahidi kuleta sukari, kama ataipata, na sukari haikuja.

Nilipanda Mbuya kwa wakubwa wa jeshi kuuliza. Mara ya kwanza askari wa getini alicheka. Mara ya pili hakucheka, aliniuliza jina langu na ninapolala. Nikashuka kilima mbio, maana nilielewa kwamba nikirudi tena sitauliza habari ya mtu, habari yangu itaulizwa. Jirani yetu Phelister aliulizia mumewe bila kuchoka, mlango hadi mlango. Watoto wake sasa wanalelewa na dada yake. Ndivyo ilivyokuwa: ukimtafuta mtu wako, wewe nawe unatafutwa.

Mwaka ukapita. Shemeji yangu Mumbere, kaka mkubwa wa Kakule, akaja kukaa kwenye kigoda changu na kofia mikononi.

"Shemeji Perpétue, tufanye matanga," akasema. "Tumlilie, tupumzike."

"Umeliona kaburi?"

"Shemeji..."

"Kuna aliyekuletea habari? Mtu gani? Alisema nini?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua, na hakuna mtu anayesema! Nitamlilia nani mimi? Kwetu unalia ukiletewa habari. Ukimlilia aliye hai, umemuua kwa mdomo wako mwenyewe. Ndivyo mama yenu alivyotufundisha, au umesahau?"

Akaigeuza kofia mikononi, maana hakuwa amesahau. Mama yao, kule Butembo, kila jioni alikuwa bado anamwekea Kakule sahani yake, anaifunika, asubuhi anawapa kuku. Mwaka mzima. Mwanamke mzima anapikia buti la gari! Hilo lilinichoma kuliko yote. Sikutaka fidia wala haki, haki ilikuwa imepotea madukani pamoja na chumvi na sabuni. Nilitaka neno moja kutoka kwa mtu anayejua. Yuko, au hayuko.

Na mtu anayejua nilimjua. Aliitwa Kapteni Kamis. Alikaa Mbuya, kwenye nyumba yenye ukumbi wa vioo, na gari la kijani lililala uani kwake. Nililijua hilo kwa sababu ya Ajok, rafiki yangu Mwacholi, mke wa polisi, ambaye tuligawana naye ua na kamba ya kuanikia. Ajok alikuwa anapiga pasi nyumbani kwa kapteni. Aliingia mle kila siku, akatoka kila siku, akishukuru Mungu njiani.

Siku moja Ajok alirudi anacheka mpaka anashika mbavu. Sikuwa na hamu ya kucheka.

"Mama Juli," akaniambia, ndivyo alivyoniita kwa sababu ya binti yangu Julienne, "bwana mkubwa amenunua mashine nyingine ya muziki. Ya tatu! Hii imetoka London kwa ndege. Amempiga fundi makofi."

"Kwa nini?"

"Anasema haisikiki kama baa. Anasema kwenye baa gitaa linalia, kwake linakohoa. Ile ya kwanza alisema hivyo hivyo, ya pili hivyo hivyo. Anapenda muziki wa Kikongo mpaka anatia huruma, afande wa watu."

"Spika ameziweka wapi?"

"Juu ya kabati la vioo. Zote mbili, zimebanana. Mkewe amezitandikia vitambaa vya kufuma, na maua ya plastiki juu."

Nikamtazama. Kumbe! Simba anayekula watu wetu ana njaa ya kitu ambacho sisi tunacho bure. Mimi sikuweza kuingia kwake kuuliza. Basi atakuja kwangu, na atauliza yeye. Nilimwambia Ajok palepale, na Ajok aliacha kucheka.

"Utatufanya tufe," akasema.

"Kwani sasa tunaishi?"

Chini ya kitanda kulikuwa na katoni. Kakule ndiye aliyeianza. Kila alipopita Kisenyi kwenye vyuma chakavu aliokota kitu. Ndani yake mlikuwa na redio kubwa ya mbao, ile ya taa za kioo ndani. Ilikuwa haishiki tena stesheni hata moja, lakini ukiichomeka gramafoni kwa nyuma bado ilitoa sauti nene, ya moto. Mlikuwa na gramafoni iliyotupwa na shule, haina kifuniko. Spika mbili, ndugu wa mama mbalimbali: moja ya redio iliyoungua, nyingine ya gari lililogongwa. Nilimsema sana kwa takataka zile. Alikuwa anacheka tu. "Perpétue," aliniambia, "sauti hupangwa, hainunuliwi. Mwenye pesa ananunua mashine halafu anaipa kisogo." Nilikuwa nadhani ni maneno ya mwanaume asiye na pesa.

Nikaanza. Spika ya gari karatasi yake nyeusi ilikuwa imechanika; niliibandika kipande cha mfuko wa saruji kwa uji mzito wa muhogo, nikaikausha kivulini. Masanduku ya mbao sikuwa nayo, na mbao zenyewe nani angeziona, zilikwenda kwenye majeneza. Nikanunua vyungu viwili vikubwa kwa mama anayefinyanga, vya mdomo mpana, nikachagua kwa kuvigonga kama unavyochagua nanasi. Nilivitoboa tundu la waya kwa msumari na maji, polepole, na cha tatu ndicho kilichokuwa cha pili, maana kimoja kilipasuka nikatukana mpaka Ajok akachungulia. Spika nikazikalisha mdomoni, nikazizungushia kamba na nta.

Nilipowasha mara ya kwanza, Yesu Maria! Vyungu vilivuma. Vuu, vuu, hakuna neno wala nyuzi. Debe tupu haliachi kuvuma, na chungu nacho ni ndugu yake. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, sio huzuni, hasira. Nikanyanyuka, nikaenda kwa wauza matoke, nikaokota maganda makavu ya migomba yanayofungiwa mizigo, nikavishindilia vyungu matumbo. Mvumo ukashuka. Nikatia mchanga chini ili visitetemeke. Ikabaki bati la paa, lililokuwa linajibu kila noti kama mke mwenye kiburi. Nikatundika mikeka juu, na kwenye ukuta wa nyuma nikaning'iniza blanketi letu la ndoa. Nililala kwenye baridi na sikujali.

Kamba ya nguo ilikuwa kipimo changu. Kutoka chungu hadi chungu, na kutoka chungu hadi kiti cha Kakule, urefu mmoja. Vyungu nilivilaza kidogo juu ya matofali, vikamtazama usoni mtu atakayekaa. Na visiguse ukuta. Kakule alisema ukuta ukiguswa unataka kuimba na wewe.

Halafu nikarudisha santuri ya bendi ya Kakule. Ilikuwa moja tu, waliyorekodi Nairobi kabla ya mabaya haya. Niliigeuza upande wa pili, ambao redio hazikuupiga sana. Sauti ilikuwa safi sasa. Mwimbaji alisikika, gitaa la juu lilisikika. Lakini katikati palikuwa tupu. Nasema tupu! Pale kati ya vyungu, mahali pa Kakule, hapakuwa na mtu. Nilihamisha kiti, nikainua tofali, nikashusha tofali. Bado. Ajok alisema mbona nzuri, nikamwambia nyamaza wewe hujui ninachotafuta.

Nikakumbuka siku moja alikuwa anafunga nyaya kule baa na mimi nimembebea chakula. Alisema spika mbili ni kama wake wenza, zisipovuta upande mmoja nyumba haina sauti. Nikashika nyaya za chungu cha kushoto, nikazigeuza, wa kulia ukaenda kushoto na wa kushoto kulia. Nikarudisha sindano.

Kakule alikuwa chumbani.

Sitasema zaidi. Polepole, chini ya lile gitaa la kelele, alikuwa pale katikati anaongea na kila mtu. Julienne aliacha kuchezea kijiko akaenda kutazama nyuma ya vyungu. Ajok alishika mdomo kwa mkono. Mimi nilisimama kama nguzo na hasira imenijaa mpaka masikioni, kwa sababu kumbe ilikuwa rahisi hivi kumleta, na wao walikuwa wamefanya iwe vigumu hivi.

"Sasa mwambie," nikamwambia Ajok.

Ajok alijua kuchoma mtu. Hakumwambia kapteni kitu. Alipiga pasi sare zake, na kila kapteni alipowasha ile mashine ya London, Ajok alitikisa kichwa kidogo. Siku ya kwanza hakuuliza. Siku ya pili aliuliza unatikisa nini, wewe mwanamke.

"Samahani afande, nimekumbuka tu vyungu vya yule mama wa Kamwokya."

"Chungu gani?"

"Vinaimba, afande. Vya udongo tu. Lakini hivi vyako ni vya bei zaidi, afande."

Jumapili iliyofuata, watu wametoka misa, gari jeusi lilisimama mbele ya mstari wetu wa nyumba. Watoto walitoweka uani mara moja, hata kuku nadhani walijificha. Dereva mwenye bunduki alibaki nje. Kapteni Kamis akainama kupita mlangoni. Nilitegemea jitu. Alikuwa mwanaume wa kawaida, mwenye kitambi, viatu vinang'aa, anatweta kwa joto. Hilo nalo liliniudhi.

"Wewe ndio mama ya chungu?"

"Ndiye mimi, afande. Karibu."

Akatazama vyungu, akatazama redio kuukuu, akatazama mikeka kwenye paa. Akaanza kucheka.

"Hii? Mimi nalipa pesa mingi, vyombo inatoka London na ndege, halafu mutu naniambia hii takataka inaimba?" Akavuta kiti akitaka kukisogeza karibu na mlango.

"Usikisogeze, afande."

Ajok, ambaye alikuwa amesimama kizingitini, alifumba macho. Kapteni aligeuka akanitazama. Sidhani kama kulikuwa na mtu aliyekuwa amemwambia usifanye hiki mwaka ule.

"Ukikisogeza hutasikia," nikasema. "Kiti hakina makosa. Keti papo hapo, mgongo uegemee. Na uvue miwani, inasaidia."

Haisaidii kitu. Nilitaka tu kuona macho yake. Akaketi. Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala vizuri, na mimi nikasema moyoni, usilale.

Nikaweka sindano.

Wimbo ulipoanza alikuwa bado na kicheko kwenye mdomo. Kikaondoka taratibu. Kidole chake kikaanza kupiga kwenye goti. Ubeti wa pili akafumba macho. Nilisimama karibu na gramafoni nikimwangalia mtu huyu akifurahi nyumbani kwangu, kwenye kiti cha Kakule, na mikono yangu nimeifunga nyuma kwa sababu tofali lilikuwa karibu sana. Wimbo ulipofika pale gitaa la juu linaponyamaza kidogo, akafumbua macho akainua kidole.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ni nini?"

"Ipi, afande?"

"Si ile ya juu. Ile ya juu najua, kila baa iko. Chini yake iko ingine. Iko inaongea polepole, kama mutu nataka kukuambia kitu. Ile mashine yangu haina hii."

"Inayo, afande. Hujaisikia."

"Nani napiga?"

Mwaka mzima niliingoja nafasi hii.

"Anaitwa Kakule. Mnande wa Butembo."

"Mimi namtaka huyo." Kapteni aligonga goti lake kwa furaha. "Binti yangu naolewa mwezi ujao. Nataka yeye apige kwangu, mbele ya wakubwa wote. Chakula, bia, kila kitu nampa. Iko wapi?"

"Alikuwa anapiga Nakawa, afande. Jumamosi moja, mwaka jana mwezi wa nane, lilikuja gari la kijani lisilo na namba. Walimwambia dakika mbili tu. Ni mume wangu. Mkubwa kama wewe ukitoa amri, ataletwa leo hii. Nitamwosha, nitamnyolea ndevu, atakuja kumpigia binti yako."

Nilimpa kila kitu hapo. Nilimpa sababu, nilimpa sherehe, nilimpa hata njia ya kuonekana mtu mwema. Kama Kakule alikuwa shimoni mahali fulani, kipofu, kiwete, hana meno, huyu mtu alikuwa na hamu ya kumtoa kuliko hata mimi. Ilikuwa amri moja tu.

Kidole kwenye goti kiliacha kupiga. Kapteni akatazama sakafu. Hakukasirika, wallahi ningefurahi angekasirika. Alikuwa anatafuta kichwani, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimpa nani nyundo yake. Agosti. Nakawa. Mpiga gitaa. Nikaona alipofika. Uso ulilegea kidogo, ukawa na masikitiko, masikitiko ya kweli, ya mtu anayeambiwa bia imekwisha.

Akaninyanyulia macho.

"Hakuna mwingine napiga namna hii?"

Santuri ilikuwa imefika mwisho. Sindano ikawa inakwaruza, kwaru, kwaru, kwenye vyungu vyote viwili.

Basi. Hiyo ndiyo habari yangu niliyoletewa. Mwanaume ameketi kwenye kiti cha mume wangu na ananiuliza kama hakuna mwingine! Kama unavyomuuliza mwenye duka. Hiki kimevunjika, mama, huna kingine? Nilitaka kumng'ata. Lakini nilikuwa na kazi, kazi niliyonyimwa mwaka mzima, na mtu wa kuninyima tena hakuwepo.

Nikainua sindano nikairudisha mwanzo. Nikafungua dirisha, nikasukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Nikazungusha kitufe cha redio mpaka mwisho. Halafu nikaweka mikono yote miwili kichwani.

"Kakule weee! Mume wangu weee! Wamekuua weee!"

Ajok hakuniuliza kitu. Alivuta kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kiunoni, akaketi chini kwenye udongo palepale kizingitini na kunyosha miguu, akajibu kwa Kiacholi, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nadhani naye alikuwa na mtu wake wa kulilia. Nani hakuwa naye? Wanawake wa mstari wote walitoka. Kilio cha matanga hakihitaji tafsiri, na siku zile hukuuliza marehemu alikuwa na ugonjwa gani. Waganda, Wakongomani, Waacholi, mmoja bado na unga mikononi. Waliingia, wakaketi, wakanyosha miguu, chumba kikajaa, mlango ukajaa, ua ukajaa. Na juu yetu sote vyungu vilikuwa vinaimba, na Kakule yuko katikati, Kamwokya nzima inamsikia.

Kapteni alikuwa amesimama. Hakuwa na mahali pa kuweka miguu. Nje dereva wake alishika bunduki akiangalia kushoto na kulia, asijue ampige nani. Utampiga risasi mwanamke anayelia? Nitakuwa mkweli, wangeweza. Walifanya makubwa zaidi. Lakini mtu hata akiwa shetani ana mama aliyemlea, na mama yake alimfundisha kitu kimoja ambacho vyeo havikukifuta. Palipo na msiba huwezi kupita hivi hivi. Nilimwona anapigana nacho. Mkono ukapanda wenyewe.

Akavua kofia.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

Hakuna anayevua kofia kwa ajili ya mtu aliye hai. Mumbere alikuwa amefika mbio akasimama uani, na alikiona kitendo kile kwa macho yake. Kapteni akatoka akiruka miguu ya wanawake, mguu mmoja mmoja, kofia kifuani, viatu vyake vimejaa vumbi. Hakuna aliyekunja mguu kumpisha.

Siku tatu tulilia, kama inavyotakiwa. Mumbere alikwenda Butembo na habari. Alirudi akaniambia mama yao alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua sahani ya Kakule, akaiosha kwa majivu, akaifunika kifudifudi juu ya kichanja. Ndipo akalia.

Siku ya nne askari walikuja na lori. Walibeba redio, gramafoni, vyungu vyangu na maganda yake ya migomba tumboni. Walibeba na kiti. Niliwaambia chukueni na matofali, msisahau, wakadhani ninawasaidia. Santuri hawakuiona. Ilikuwa mgongoni kwa Julienne, ndani ya mbeleko, na Julienne mgongoni kwangu.

Jioni ileile Ajok alitoka kazini akanikuta nafunga mizigo yangu. Mumbere alikuwa amepata nafasi kwenye lori la kahawa, tuondoke asubuhi kurudi kwetu.

"Ameviweka juu ya kabati la vioo," Ajok akasema. Safari hii hakucheka. "Vyote viwili, vimebanana, na vitambaa chini. Vinakohoa. Amepiga kelele nyumba nzima. Amenituma kwako, Mama Juli. Anasema uje umpangie."

Nilikaza kamba ya mzigo kwa goti, nikafunga fundo la kwanza na la pili.

"Mwambie atafute mwingine."